Namna ya kuhoji mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Tanzania ilichagua wenyeviti wa vijiji Novemba 27, 2024, na wapiga kura wengi wanahesabu kwamba zamu yao itarudi baada ya miaka mitano. Sivyo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, kila mkazi wa kawaida aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Kadi ya chama haiulizwi. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inapaswa kuuitisha mkutano huo walau kila miezi mitatu, na hapo ndipo fedha zinaposomwa.

Anza kabla ya siku yenyewe. Nenda ofisi ya kijiji, angalia ubao wa matangazo, mwombe mtendaji, ambaye ndiye katibu, akuonyeshe ajenda na muhtasari wa mkutano uliopita. Kama mapato na matumizi yamewekwa mwishoni, karibu na "mengineyo", jua kwamba yatasomwa jua limezama na akina mama wamekwenda kupika. Mara ajenda zinapofunguliwa, nyosha mkono upendekeze yasogezwe mbele. Mwombe jirani akuunge mkono.

Taarifa inaposomwa, andika namba nne tu: baki ya mwanzo, mapato, matumizi, baki ya mwisho. Tuseme kijiji kilianza na shilingi 1,240,000, kikaingiza 860,000, kikatumia 1,575,000. Baki lazima iwe 525,000. Kisha fungua daftari lako la robo iliyopita: baki ya mwisho ya wakati ule ndiyo baki ya mwanzo ya sasa. Zikipishana hata kidogo, hilo ndilo swali lako la kwanza, kwa sababu fedha nyingi hupotelea katikati ya mikutano miwili, mahali ambapo hakuna anayelinganisha.

Michango ihoji kwa kaya. Kaya 300 zikitakiwa shilingi 5,000 kila moja kwa ajili ya darasa, tarajia 1,500,000. Ikisomwa 900,000, maana yake ni kaya 180. Omba orodha ya waliolipa na namba za stakabadhi, kitongoji kwa kitongoji. Aliyelipa bila kupewa stakabadhi ajitokeze pale pale. Ushahidi wake una uzito kuliko manung'uniko ya kilabuni.

Usimwite mtu mwizi. Neno hilo linageuza mkutano kuwa ugomvi, mwenyekiti anaahirisha, na swali linakufa. Uliza: "Namba hii imetokana na nini?" Halafu omba swali na jibu, au ahadi ya jibu pamoja na tarehe, viandikwe kwenye muhtasari, na visomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Jambo lisiloandikwa, mkutano ujao litakanwa.

Kwa ardhi, kuwa mkali zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu kwanza. Saini za wajumbe wa halmashauri pekee hazitoshi, hata zikiwa na mhuri. Usiweke saini kwenye karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa: iandikwe kwanza tarehe, aina ya mkutano na ajenda, maana karatasi tupu inaweza kubandikwa kwenye uamuzi ambao hamkuufanya.

Mkutano usipoitishwa robo nzima, andikeni barua fupi kwa mwenyekiti na mtendaji, wakazi kadhaa mkiweka majina na saini, nakala kwa mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Bebeni nakala mbili: moja iachwe, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, irudi nyumbani. Kama kuna dalili za fedha kuliwa, nakala hiyo ndiyo ya kwenda nayo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.