Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda nyumbani Desemba na ndugu mwenye baipola

Familia nyingi zenye asili ya Moshi hujiandaa kwa Desemba kwa kuhesabu nauli na mbuzi wa kuchinja. Familia yenye ndugu anayeishi na baipola, ugonjwa ambao kuna vipindi humpandisha mtu hisia na nguvu kupita kiasi na vipindi vingine humshusha katika sonona nzito, ianze na usingizi. Kukosa usingizi kwa siku chache tu kunaweza kumpandisha, na sikukuu za nyumbani, zenye safari ya usiku, mbege (pombe ya ndizi) na maongezi hadi alfajiri, humkesha hata asiyeumwa. Kwa hiyo kubalianeni naye mwenyewe, akiwa ametulia, kwamba mtasafiri mchana, kwamba atalala chumba ambacho wageni hawapiti, na saa atakayoaga bila kubembelezwa abaki. Nasisitiza awepo katika makubaliano hayo, kwa sababu mpango uliofanywa bila yeye huonekana kama njama siku anapopanda.

Dawa zichukuliwe za kutosha siku zote za safari pamoja na akiba, wala zisiachwe kwa kuwa anajisikia vizuri. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, asipunguze ghafla chumvi wala maji, na asipewe ovyo diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, kwani dawa hizo hupandisha kiwango cha lithiamu mwilini. Akianza kutapika, kuharisha, kutetemeka sana, kuyumba au kusema kwa ulimi mzito, apelekwe hospitali mara moja. Mwanamke anayetumia valproeti, dawa nyingine ya baipola, na anayeweza kupata ujauzito azungumze na daktari mapema, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Andikeni dalili zake za mwanzo jinsi anavyozieleza yeye: pengine hulala kwa muda wa saa tatu tu na kuamka bila uchovu, huongea bila kupumua, au hutaka kuuza kiwanja na kukopa kwa simu. Kubalianeni ni nani atashika hati na kadi ya benki akiomba ashikiwe. Upande wa kushuka unahitaji uangalifu zaidi, maana migombani nyumba nyingi zina dawa za kunyunyizia kahawa, ambazo ni sumu. Zifungiwe kwa kufuli kabla hajafika, na akisema amechoka kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wazee nao waandaliwe. Shangazi anayeamini ni laana ya ukoo habadiliki kwa kugombezwa. Mwambieni kwamba ni ugonjwa unaotibika kama kisukari kinavyodhibitiwa, na mpeni kazi ya kusaidia, kwa mfano kuhakikisha hakuna anayemshinikiza mgonjwa kunywa pombe. Ndugu mmoja asibebe zamu zote, kwa sababu mlezi aliyechoka hukosa subira hata kwa mtu anayempenda.

Mwisho, jueni njia ya kushuka mjini usiku. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na hospitali ya KCMC ziko Moshi mjini, hospitali ya Mount Meru iko Arusha, lakini ukiwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, juu ya mlima saa nane za usiku, kinachohitajika kwanza ni jirani mwenye gari ambaye mmeshazungumza naye na namba yake iko kwenye simu za watu wawili.