Somo: Umefukuzwa kazi? Hesabu siku kwanza, hela baadaye

Ndugu zangu wa Dodoma, wengi wanaonifuata pale sokoni Majengo huanza na "nitalipwa ngapi?" Mimi nauliza kwanza barua ina tarehe gani.

1. Ukishaachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA kama tulivyozoea. "Njoo wiki ijayo tuongee" ya bosi haisimamishi hizo siku.

2. Usisaini mbio mbio. Ile karatasi ya "nimelipwa stahiki zangu zote, sidai" hupenda kuja pamoja na bahasha ya hela, na nyingine imeandikwa umeacha kazi kwa hiari yako. Isome, ipige picha.

3. Jaza Fomu Na. 1 ya CMA, ile ya kufungulia mgogoro. Mwajiri apewe nakala na asaini kupokea, ndipo uipeleke Tume. Usiiache wazi sehemu B, ni ya walioachishwa kazi. Andika kila unachodai, ukisahau kitu utahangaika mbele.

4. Hapa ndipo watu wanapochanganya. Kiinua mgongo si fidia. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na uwe umefanya kazi miezi 12 mfululizo. Muuza duka wa 390,000 kwa mwezi, miaka 6 na miezi 8: napiga kwa siku 26 za kazi, siku moja 15,000, siku 7 ni 105,000, mara 6 ni 630,000. Ile miezi 8 haihesabiwi. Posho nazo weka pembeni.

Fidia inakuja ikionekana umeachishwa isivyo halali, na kazi ya kuthibitisha uhalali ni ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka isipungue mishahara ya miezi 12, lakini kifungu hicho cha 40 kimeguswa na marekebisho ya 2025, kwa hiyo usidai kwa kukariri.

5. Mnaanza na usuluhishi, mkishindwana mnakwenda kwenye uamuzi.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Sina mkataba wa maandishi, nalipwa kwa simu.*
Marahaba. Kazi ni kazi. Meseji za malipo usizifute, na michango ya NSSF kama ipo ni ushahidi.

*Nimefukuzwa kwa wizi wa saruji. Kiinua mgongo nitapata?*
Wizi ukithibitika na utaratibu ukafuatwa, hapana. Mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo ambayo hukwenda unadai.

*Niliajiriwa Kondoa, nikaachishwa nikiwa hapa mjini.*
Dai nauli ya kurudi Kondoa, wewe na mizigo yako.

*Mimi leo ni siku ya 34, nilikuwa nimelazwa.*
Jaza Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, ueleze kila siku iliyochelewa. Karatasi ya kuruhusiwa hospitali unayo? Ilete kesho asubuhi.