Somo: Kujua mwaka wa kitabu cha zamani cha Kiebrania (hesabu ni abjadi tu)

Habari zenu wakuu. Kuna watu wameniuliza hivi vitabu vya sheria na maadili vya Wayahudi vilivochapwa miaka ya 1400 na 1500, mtu anajuaje vina umri gani wakati ukurasani hamna tarakimu hata moja? Leo twende hatua kwa hatua. Kama ulisoma alif be te chuoni umeshafika nusu ya njia.

Hatua ya 1. Pata picha za kitabu. Maktaba ya Taifa ya Israeli, Jerusalem, imeweka vingi kwenye intaneti bure kabisa, chukua picha kubwa. Kinafunguka kulia kama msahafu.

Hatua ya 2. Usikimbilie mwanzo, nenda mwisho. Vile vya kabla ya 1500 kwa kawaida havina ukurasa wa jina kama tulivozoea, mchapaji anaweka maneno ya tamati mwishoni, vilevile kama watunzi wetu wa tenzi, anataja jina lake, mji na siku aliyomaliza. Ndo tunavojua sherehe (yaani ufafanuzi) ya Rashi, mwanachuoni wa Kiyahudi, juu ya Taurati ilimalizwa Reggio di Calabria, Italia, mwaka 1475, na mwaka huohuo Piove di Sacco wakatoa Arba'ah Turim, kitabu kikubwa cha sheria cha Jacob ben Asher.

Hatua ya 3. Piga hesabu. Hapa ndo penyewe. Kila herufi ni namba: alefu ni 1, beti 2, yodi 10, kafu 20, kofu 100, reshi 200, shini 300, tavu 400, yaani ileile abjadi ya watu wa falaki huku Pwani. Sasa cheki hii: שכה. Shini 300, kafu 20, he 5, jumla 325. Elfu tano ya mbele (mwaka kamili wa Kiyahudi ni 5325) wameiacha maana kila msomaji aliijua, wewe jumlisha 1240 unapata 1565, mwaka ambao Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha Joseph Karo, yule mzee wa mji wa Safed, ilitoka mara ya kwanza, Venice. Mwaka wao unaanza Septemba au Oktoba, kwaiyo kitabu kilichomalizwa kati ya hapo na mwisho wa Desemba jumlisha 1239.

Mara nyingine mwaka umefichwa ndani ya aya ya Biblia, alafu herufi za kuhesabu ndo zimechapwa kubwa au zina nukta juu. Ukikuta neno shalom limekuzwa, shini 300, lamedi 30, vavu 6, memu 40, ni 376, basi ni 1616. Ukihesabu aya nzima umepotea, hesabu zilizokuzwa tu.

Hatua ya 4. Usiamini mji haraka. Karne ya 17 na 18 herufi za Amsterdam zilisifika sana, basi wachapaji wa miji mingine waliandika "kwa herufi za Amsterdam", Amsterdam kubwaa, "kwa herufi za" vidogo sana. Soma vile vidogo kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimeona kitabu cha Venice kina picha ya Kuba la Mwamba ukurasa wa kwanza, imekaaje hiyo?
Jibu: Umeona vizuri ndugu. Hiyo ni alama ya mchapaji Marco Antonio Giustiniani, alilichora kuwakilisha Hekalu la Jerusalem. Mshindani wake Alvise Bragadin alitumia taji tatu. Wote Wakristo, na mwaka 1550 waligombana juu ya kitabu cha sheria cha Musa bin Maimun, ugomvi ukafika Roma na mashtaka juu ya mashtaka, hadi Septemba 1553 Talmudi, mkusanyiko mkuu wa sheria na mijadala ya Wayahudi, ikachomwa moto pale Campo de' Fiori. Inaniuma kila nikiikumbuka.

Swali: Sheria tumeona, maadili je?
Jibu: Dada, anza na Bahya ibn Paquda wa Hispania, karne ya 11. Aliandika kitabu kwa Kiarabu, na jina la kitabu utalielewa bila kamusi, muongozo wa faradhi za mioyo. Kikatafsiriwa Kiebrania, kikachapwa Naples 1489. Hoja yake ni kwamba faradhi za viungo watu wanazishughulikia sana, za moyoni wanazisahau.

Swali: Mkuu, mbona kurasa nyingine mistari imepakwa wino?
Jibu: Hao ni wakaguzi wa Kanisa, walifuta maneno waliyoona yanagusa Ukristo, na ukienda kurasa za mwisho utakuta sahihi zao, mfano Domenico Irosolimitano, Myahudi aliyebatizwa akawa mkaguzi. Ila wino wao mara nyingi umefifia ukawa kahawia, wa mchapaji bado mweusi tii, kuza picha utalisoma neno lililofutwa, liko palepale chini yake.