Krosandra: kabla ya ua, kagua mizizi

Krosandra, mmea wa maua, ikinyauka saa sita mchana na kuinuka tena jioni, wakulima wengi hukimbilia ndoo ya maji. Subiri kwanza. Ng'oa mche mmoja, suuza mizizi uiangalie. Ukikuta vifundo mithili ya shanga, au mabaka meusi yanayooza, mmea wako hauna kiu. Umeingiliwa na minyoo ya mizizi, na maji ya ziada yatazidisha uozo tu. Minyoo hiyo hujeruhi mizizi, kisha ukungu wa Fusarium hupitia kwenye majeraha hayo na kuleta mnyauko usio na tiba.

Nimeanza na mizizi kwa sababu ndiko zao hili linakofia. Juu ya ardhi krosandra (Crossandra infundibuliformis) haina usumbufu mkubwa. Ni ua la jamii ya Acanthaceae, asili yake kusini mwa India na Sri Lanka, lenye kimo cha sentimita 30 hadi 90, majani yanayong'aa na maua ya rangi ya chungwa yanayochanua kwenye mashuke kuanzia chini kwenda juu.

Basi kazi ianze kabla ya kitalu. Usiipande palipotoka nyanya, bamia au biringanya, maana mazao hayo hulea minyoo fundo, ile inayoacha vifundo kwenye mizizi. Kama huna kipande kingine, lima, lowesha udongo, kisha ufunike kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6 za jua kali, kingo zote zikiwa zimefukiwa. Ua la marigoldi nalo husaidia, ila lipandwe kwa kubanana na likae shambani msimu mzima kabla ya krosandra. Mashina machache yaliyotupwa pembeni mwa shamba ni mapambo tu. Wakati wa kuandaa matuta, changanya samadi iliyoiva vizuri na, ukiyapata, mashudu ya mwarobaini. Udongo uwe tifutifu, usiotuamisha maji, wenye pH (kipimo cha asidi na alkali) kati ya 6 na 7.5.

Mbegu zake zina tabia ya kupendeza. Kila ganda hubeba mbegu zisizozidi 4, na ganda lililokauka likiguswa na maji hupasuka kwa kishindo kidogo na kuzirusha mbali. Mvua moja tu yaweza kukumalizia mbegu zote. Vuna mashuke yakiwa ya kahawia na makavu, yaweke kwenye beseni, yanyunyizie maji kidogo, kisha funika haraka kwa kitambaa. Yatapasuka yenyewe na mbegu zitabaki humo humo. Zisie kwenye kitalu chenye joto na unyevu, na uwe na subira, kwani huota polepole, wiki 2 hadi 4.

Aina ya Delhi, inayopendwa kwa rangi yake iliyokolea, haizai mbegu, hivyo huzalishwa kwa vipandikizi. Chukua ncha changa zisizo na maua, sentimita 8 hadi 10, uzioteshe kwenye mchanga safi chini ya kivuli. Hapa kuna hatari ambayo wengi hawaioni: mche wa kununua waweza kuja na minyoo ndani ya udongo wake. Kagua mizizi ya miche michache kabla hujalipia mzigo wote.

Hamishia shambani kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mimea. Kivuli chepesi kinaifaa, hasa jua la mchana likiwa kali. Kivuli kizito huleta majani mengi na maua machache. Weka matandazo, mwagilia udongo unapoanza kukauka juu, na kumbuka kwamba baridi ya chini ya nyuzi 13 huidhoofisha na kuangusha majani.

Majani ya njano nayo yasikuharakishe kununua mbolea. Yakiwa machanga, ya njano lakini mishipa yake ni ya kijani, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma kwa sababu udongo una alkali nyingi. Yakiwa na vidoa vingi vidogo na utando laini chini yake, huyo ni utitiri mwekundu, mdudu wa kipindi cha ukavu. Mmea mzima ukipauka na kudumaa, rudi kwenye mizizi. Ulioambukizwa ng'oa, choma moto, wala usiutie kwenye mboji.

Maua huanza miezi 2 hadi 3 baada ya kuhamishia. Yachume alfajiri, kila baada ya siku moja, kwa sababu ni mepesi mno na hunyauka upesi juani. Shuke lililomaliza kuchanua likate mara moja, isipokuwa yale uliyoyatenga kwa mbegu. Hayo yafungie mfuko wa karatasi mapema, kabla wingu la mvua halijatanda.