Kihisi cha shamba la zabibu: kipangie kazi kwa volti, si kwa saa

Kihisi cha unyevu wa udongo kinachoishi kwa kisola kidogo na kapasita (kifaa kinachotunza chaji kwa muda), bila betri, ukikiamuru kitume kila dakika 10, Agosti kitakwenda bila shida. Januari mawingu yakikaa siku mbili juu ya Hombolo, Dodoma, kitazima.

Anza kwa kujua kila kazi inakula nishati (jouli) kiasi gani. Chukua kapasita mbili za faradi 10, volti 2.7, zifunge mfululizo upate faradi 5. (Weka rezista za kusawazisha, bila hizo moja hubeba volti nyingi kuliko mwenzake ikaharibika.) Chaji hadi volti 5.0, chomoa sola, tuma ujumbe mara 100, pima tena. Ukikuta 4.9, basi nusu × 5 × (5.0² − 4.9²) ni kama jouli 2.5, yaani milijouli 25 kwa ujumbe. Fanya vivyo hivyo kwa kupima udongo. Karatasi ya kiwanda haijui regyuleta yako (chipu inayoshikilia volti isibadilike) inapoteza kiasi gani.

Kutoka 5.0 hadi 3.6, ambapo regyuleta ya volti 3.3 huanza kuyumba, una jouli 30 tu. Kifaa kilicholala, pamoja na uvujaji, kikila maikroampea 50, usiku wa saa 12 unamaliza karibu jouli 10. Hizo usiziguse.

Basi: volti ya kapasita ikiwa juu ya 4.6, pima na utume kila dakika 10. Kati ya 4.2 na 4.6, pima kila nusu saa, utume fungu moja kila baada ya saa mbili, maana kuamsha redio ndiko kunakokula, namba zenyewe ni chache. Chini ya 4.2 redio inyamaze. Chini ya 3.8 kilale tu.

Kasheshe ni asubuhi baada ya kuzima. Jua la saa moja linapandisha volti kidogokidogo, kifaa kinawaka, kinajaribu kujiunga na mtandao, volti inaporomoka, kinazima. Kisha tena. Chaji yote inaishia kwenye kuwaka. Weka chipu ya kuchunga volti inayofungua umeme ikifika 4.2 na kuukata kwenye 3.6, na funguo za mtandao zihifadhiwe kwenye kumbukumbu isiyofutika, kisijiunge upya kila kikiamka.

Sola iinamishe nyuzi 15 kuelekea kaskazini. Kiangazi, anga halina wingu, saa saba mchana volti bado iko 4.5? Kabla hujagusa programu, futa vumbi.