Somo: Mzee ameanguka, sasa ataishi wapi na nani atamwangalia?

Mzee akianguka, familia nyingi hukimbilia kumhamisha. Nawaomba msifanye haraka. Suala la makazi haliamuliwi siku anayotoka hospitali, bado ana maumivu na kila mtu ana hofu.

Kwanza, jueni kwa nini alianguka. Mpelekeeni daktari dawa zake zote, hasa za presha na za usingizi. Presha ipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Macho nayo yapimwe.

Pili, ikagueni nyumba pamoja naye. Usiku, fuateni njia yake kutoka kitandani hadi chooni. Ondoeni vizulia na nyaya, wekeni taa anayoweza kuiwasha kabla hajashusha miguu. Bafuni, vyuma vya kushikilia vifungwe ukutani kwa skrubu. Cha kutundikia taulo kitang'oka akikiegemea. Akikaa kitandani au kitini, nyayo zikanyage sakafu vizuri, na magoti yasizidi nyonga kwa urefu. Kiti cha chini mno kinamnyima kuinuka mwenyewe.

Tatu, mazoezi. Hapa ndipo tunapowaponza wazee wetu kwa huruma. Akiogopa kuanguka tena atakaa tu, misuli italegea, na ataanguka kweli. Muulizeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo namna ya kumzoeza kuinuka na kukaa. Msimfanyie kila kitu.

Nne, andikeni zamu: nani wa usiku, nani wa kuogesha, nani wa kliniki. Asiachiwe binti mmoja.

Haya yakishindikana, ndipo mzungumzie kuhama, naye awepo kikaoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Baba ameumia mguu wa kulia. Fimbo ashike mkono upi?
Wa kushoto, upande wa mguu mzima. Akisimama mikono ikining'inia, mpini ulingane na kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Ngazi akipanda atangulize mguu mzima, akishuka atangulize ulioumia.

Mama kaanguka juzi akagonga kichwa, na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Anasema yuko sawa.
Mpeleke hospitali sasa hivi, dada. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu bila dalili mwanzoni.

Nikimkuta chini, nimnyanyue?
Usimvute mikono. Akiwa na maumivu ya nyonga, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, mfunike asipate baridi na uite msaada. Asipokuwa na maumivu, ageukie ubavu, apige magoti, ashike kiti imara, ajiinue wewe ukiwa pembeni.