Betri ya sola ya nyumbani: piga hesabu kabla ya kununua

Mfumo wa sola ukigoma mapema, mara nyingi ni betri iliyokufa, na chanzo ni hesabu mbovu ya mwanzoni. Kwa hiyo usianze na paneli, anza na matumizi. Andika kila kifaa, wati zake na saa kinazotumika kwa siku, halafu zidisha. Taa nne za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 140. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni 200. Friji hujiwasha na kujizima, hivyo fuata lebo yake ya matumizi ya siku. Ndogo tuichukulie 600. Simu, 30. Jumla 970. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani) na nyaya nazo zinakula, kwa hiyo gawanya kwa 0.8: kama wati-saa 1,200.

Betri ya asidi isishuke chini ya nusu, kwa hiyo zidisha 1,200 mara mbili, gawanya kwa volti 12: utahitaji ya ampea-saa 200. Lithiamu ya fosfeti ya chuma inavumilia kushushwa asilimia 80. Ampea-saa 125 zinatosha. Betri ya gari iache kwenye gari: sahani zake nyembamba ni za kuwasha injini kwa sekunde chache, si kumalizwa kila usiku.

Kwa paneli, gawanya 1,200 kwa saa za jua kali (tuseme 4.5), kisha kwa 0.75 kufidia kinachopotea. Utapata kama wati 360.

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Paneli ya wati 360 hutoa kama volti 39 na ampea 9. Kidhibiti chaji, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, kikiwa cha aina ya PWM huivuta hadi volti ya betri bila kuongeza ampea: 13 mara 9, wati 117 tu. Zaidi ya theluthi mbili zimepotea. Nunua kidhibiti cha aina ya MPPT, kinachogeuza volti za ziada kuwa ampea, cha ampea 40, na usiamini maandishi ya kwenye kasha, maana PWM nyingi zimebandikwa jina hilo. Ipime saa sita mchana, betri ikiwa imeshuka: ampea zinazoingia kwenye betri zisipozidi zinazotoka kwenye paneli, umeuziwa PWM.

Wakati wa kufunga, unganisha betri na kidhibiti kwanza, paneli baadaye. Ukifungua, paneli itangulie kutoka. Inveta ya wati 1,000 huvuta karibu ampea 100 kwa volti 12, hivyo tumia waya mfupi wa milimita za mraba 35 na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na chanya ya betri. Inveta ikilia "betri imeisha" ilhali betri imejaa, shika vichwa vya waya baada ya kuzima kila kitu. Kilicho cha moto ndicho kimelegea.

Betri ya asidi iliyopumzika saa kadhaa husoma volti 12.7 ikijaa na 12.2 ikiwa nusu. Kwa lithiamu kipimo hicho hakikusaidii, kwani volti zake hazibadiliki sana mpaka inapokaribia kuisha. Funga mita inayohesabu ampea-saa.